Kabla chama hakijanunua hisa: kusoma mali za kudumu kwenye mizania

Kila mwaka, kuanzia Machi hadi mwisho wa Aprili, kurasa za magazeti ya Nairobi hujaa hesabu za makampuni. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi ambazo mwaka wake wa fedha huisha Desemba zina miezi minne ya kuchapisha hesabu zilizokaguliwa, na nyingi husubiri mpaka siku za mwisho. Muda si muda picha za kurasa hizo zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya vyama vya uwekezaji. Mmoja anaonyesha faida, mwingine anauliza gawio ni lini. Kisha anatokea wa tatu: "Jameni, hata biashara ikianguka, hawa wana mali ya bilioni tisa. Pesa zetu haziwezi kupotea."

Kauli hiyo imewatia wengi hasarani, na ndiyo sababu ya makala haya. Mstari anaouangalia mwanachama huyo huandikwa kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, kama mali, mitambo na vifaa. Wahasibu wa zamani na wafanyabiashara wengi bado huita mali za kudumu. Zile bilioni tisa hazitokani na mtu aliyesimama sokoni akasema yuko tayari kulipa kiasi hicho. Ni pesa ambazo kampuni ilikwisha kuzitumia miaka iliyopita, kisha zikapunguzwa mwaka hadi mwaka kwa makadirio yaliyofanywa na wasimamizi wake wenyewe. Sehemu iliyobaki ndiyo hiyo unayoiona. Ili ujue ina uzito gani, lazima uyafahamu makadirio hayo.

Tuanze na swali jepesi: kitu gani kinaitwa mali ya kudumu? Pita kwenye yadi za magari za Ngong Road. Pikapu ishirini zilizopangwa mbele, bei imebandikwa kwenye kioo, ni bidhaa. Pikapu ya ishirini na moja, ya aina ileile na mwaka uleule, ambayo fundi huiendesha kufuata vipuri mjini, ni mali ya kudumu. Chuma ni kilekile, ila kazi ni tofauti. Kinachotakiwa ni kwamba kampuni inakitumia kitu hicho kuendesha shughuli zake, kwa zaidi ya mwaka mmoja, na haikukinunua ili ikiuze. Ndiyo maana kwenye hesabu za kampuni moja magari yatakuwa chini ya bidhaa ghalani na kwenye hesabu za jirani yake yatakuwa chini ya mali za kudumu, na wote wawili wako sahihi.

Kinachoingia kwenye gharama

Chukua kampuni ya kuoka mikate iliyoko Industrial Area. Inaagiza tanuri kubwa kutoka ng'ambo kwa Sh8 milioni. Ushuru, ada za bandarini Mombasa, lori la kulileta Nairobi, msingi wa zege wa kulikalisha, fundi wa kulifunga na unga uliochomwa siku za majaribio vinafika Sh1.2 milioni. Tanuri hili litaandikwa vitabuni kwa Sh9.2 milioni, kwa sababu kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachotawala jambo hili, IAS 16, kinaruhusu gharama zote za lazima za kukifikisha kifaa mahali pake na katika hali ya kufanya kazi. Kenya imefuata viwango hivi vya kimataifa tangu 1999, kwa hiyo kanuni anayoifuata mhasibu wa Industrial Area ndiyo anayoifuata mwenzake wa Johannesburg au London.

VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kampuni itarudishiwa na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haiingii humo. Mafunzo ya waokaji wa kulitumia tanuri hayaingii. Sherehe ya uzinduzi na matangazo ya redio hayaingii pia. Mafunzo, sherehe na matangazo ni matumizi ya mwaka huo na yanapunguza faida ya mwaka huo.

Mpaka huu kati ya mali na matumizi ndipo uhasibu mwingi mbaya huzaliwa. Shilingi milioni moja ikiitwa matumizi, faida ya mwaka huu inapungua kwa milioni nzima. Ikiitwa mali, faida ya mwaka huu inaguswa kidogo tu na zilizobaki zinasukumwa kwenye miaka ijayo. Kubadilisha vichomeo vilivyoharibika ni ukarabati, yaani matumizi. Kubadilisha mfumo mzima kutoka dizeli hadi gesi, tanuri likaanza kuoka mikate mingi zaidi, kunaweza kuwa mali. Katikati ya mifano hiyo miwili kuna eneo pana la ukungu, na meneja anayetaka faida nzuri mwezi wa Desemba hajui kulionea aibu.

Mfano mkubwa unaokumbukwa sana ulitoka Marekani. Kampuni ya simu ya WorldCom ilikuwa ikilipa kampuni nyingine ada za kutumia nyaya zao. Hayo ni matumizi ya kawaida, kama kodi ya nyumba ya mwezi. Mwaka 2002 kikundi cha wakaguzi wa ndani kilichoongozwa na Cynthia Cooper kiligundua kwamba mabilioni ya dola ya ada hizo yalikuwa yameandikwa kama mali za kudumu. Kiasi kilichotangazwa kwanza kilikuwa dola bilioni 3.8, na udanganyifu wote baadaye ukakadiriwa kufika dola bilioni 11. Mizania ilikuwa inanenepa huku pesa zikitoka. Mwenye hisa aliyejituliza kwa kusema "wana mali" alikuwa anajituliza kwa bili zilizokwisha kulipwa.

Makadirio matatu yanayounda namba yote

Turudi kwenye tanuri letu. Halitadumu milele, kwa hiyo gharama yake hugawanywa katika miaka litakayotumika. Mgawo wa kila mwaka ndio uchakavu. Ili kuupata, wasimamizi wanakadiria tanuri litafanya kazi miaka mingapi, litauzwa kwa kiasi gani mwishoni, na litapoteza thamani kwa mwendo gani.

Tuseme wamekadiria miaka 8 na thamani ya masalio, yaani bei ya kuliuza mwishoni, ya Sh1.2 milioni. Kilichobaki cha kugawa ni Sh8 milioni, na kwa mgawo ulio sawa kila mwaka unabeba Sh1 milioni. Baada ya miaka mitatu tanuri litasomeka Sh6.2 milioni kwenye mizania. Kampuni jirani, yenye tanuri lilelile lililonunuliwa siku ileile, imeamua kutumia njia ya salio linalopungua, kwa asilimia 25 ya kinachobaki kila mwaka. Mwaka wa kwanza inatoa Sh2.3 milioni, wa pili Sh1.725 milioni, wa tatu kama Sh1.294 milioni. Tanuri lake linasomeka karibu Sh3.88 milioni. Tofauti ya zaidi ya Sh2.3 milioni kwenye chuma kimoja, na wakaguzi wa kampuni zote mbili wametia saini kwa haki. Ukizilinganisha kampuni hizi mbili kwa mstari wa mali za kudumu peke yake, utasema ya kwanza ni tajiri zaidi.

Sasa tazama kinachowezekana mwaka wa nne. Biashara imekuwa ngumu, unga umepanda bei, na wakurugenzi wanakaa kikao wakasema tanuri limetunzwa vizuri, litafika miaka 12. Kwenye vitabu limebaki na Sh6.2 milioni. Ukitoa masalio ya Sh1.2 milioni, kuna Sh5 milioni za kugawa kwa miaka 9 iliyobaki. Uchakavu unashuka kutoka Sh1 milioni hadi takriban Sh556,000 kwa mwaka. Faida kabla ya kodi imepanda kwa zaidi ya Sh440,000, na hakuna hata mkate mmoja wa ziada uliouzwa. Zidisha hilo kwa lori mia mbili au minara elfu ya simu, uone ukubwa wake.

Kubadilisha makadirio si kosa. Viwango vinataka yapitiwe upya angalau kila mwisho wa mwaka, na mara nyingi ukweli unaonyesha kweli kwamba mtambo umedumu kuliko ilivyodhaniwa. Kinachotakiwa ni kwamba badiliko lenye uzito lielezwe. Kampuni ya kuzoa taka ya Marekani, Waste Management, ilipita mpaka huo. Kati ya 1992 na 1997 wakubwa wake waliongeza miaka ya maisha ya magari ya taka na kuyapa thamani ya masalio ambayo hayakustahili, bila kuwaambia wanahisa sababu ya kweli. Mwaka 1998 kampuni ililazimika kusahihisha faida ilizokuwa imetangaza, kwa dola bilioni 1.7. Kifaa cha udanganyifu huo kilikuwa ni makadirio ya umri wa gari, yaleyale ambayo mwenye malori ya mawe kule Mlolongo hufanya kichwani kila anapopanga bei.

Jambo jingine linalopotosha wengi ni kudhani kwamba uchakavu ni pesa zinazowekwa kando. Hakuna akaunti ya benki inayoitwa uchakavu. Pesa za tanuri zilitoka siku liliponunuliwa. Ile Sh1 milioni ya kila mwaka ni njia ya kukumbusha vitabu kwamba sehemu ya matumizi yale imeliwa. Kwa sababu hiyo kampuni inaweza kuonyesha hasara na bado ikawa na fedha taslimu, na inaweza kuonyesha faida huku mitambo yake inazeeka na hakuna akiba ya kununua mingine.

Kwa kampuni za Kenya hatari hii ya pili ni kubwa kuliko vitabu vya kiada, vingi vikiwa vimeandikwa ng'ambo, vinavyoeleza. Mitambo mingi huagizwa kwa dola. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa karibu Sh88. Mtambo wa dola 60,000 uliandikwa vitabuni kwa takriban Sh5.3 milioni, na uchakavu wake kwa miaka yote utarudisha Sh5.3 milioni hizo, basi. Mtambo uleule kwa bei ileile ya dola, ukiagizwa dola ikiwa Sh129, ni zaidi ya Sh7.7 milioni. Januari 2024, shilingi ilipoteleza hadi karibu 160, ungekuwa Sh9.6 milioni. Kampuni iliyokuwa ikigawa faida yake yote kama gawio, ikiamini uchakavu umeshughulikia kila kitu, itajikuta na pengo ambalo hakuna mstari wa mizania uliolionyesha. Naliona hili kuwa jambo zito kuliko yote kwa mwekezaji wa hapa, na ni nadra kulisikia likiulizwa kwenye mikutano ya wanahisa.

KRA nayo haiutambui uchakavu wa vitabuni. Mhasibu anapokokotoa kodi huurudisha wote kwenye faida, kisha anakata posho za uwekezaji, yaani makato yanayoruhusiwa badala ya uchakavu, kwa viwango vya sheria ya kodi ya mapato. Tangu mabadiliko ya 2020, mitambo ya kiwandani hupewa asilimia 50 mwaka wa kwanza wa matumizi na kilichosalia hukatwa kwa asilimia 25 kwa mwaka. Magari na kompyuta hukatwa kwa asilimia 25, samani kwa asilimia 10. Tanuri letu la Sh9.2 milioni litapata posho ya Sh4.6 milioni mwaka wa kwanza, wakati vitabu vimetoa Sh1 milioni tu. Tofauti ya Sh3.6 milioni, kwa kodi ya asilimia 30, ni Sh1.08 milioni ambazo kampuni haijalipa sasa lakini italipa baadaye. Ukiona kwenye mizania mstari wa kodi iliyoahirishwa na ukashangaa umetoka wapi, mara nyingi umetoka hapo.

Ardhi, na majengo yaliyo juu yake

Ardhi haichakai, kwa hiyo haikatwi uchakavu. Kanuni hiyo inasikika rahisi mpaka uje Nairobi, ambako ardhi nyingi ya biashara ni ya kukodishwa kwa miaka maalum. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinasema asiye raia anaweza kushikilia ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa raia ikiwa tu inamilikiwa yote na raia. Kampuni kubwa iliyo sokoni yenye wanahisa wa kigeni, hata kama hao ni wachache, haina ardhi ya milele. Ina haki ya kutumia ardhi kwa miaka iliyobaki kwenye hati. Haki hiyo hupunguzwa vitabuni mwaka baada ya mwaka. Ukisoma kwamba kampuni ina kiwanja Upper Hill, tafuta miaka iliyosalia. Kiwanja chenye miaka 80 na chenye miaka 11 ni vitu viwili tofauti hata kama vimepakana.

Tangu Januari 2019 kuna kiwango kingine, IFRS 16, kilichobadili sura ya mizania nyingi. Zamani duka la jumla lililopanga jengo lilionyesha kodi ya pango kama matumizi ya mwezi. Sasa mkataba wa miaka kumi huingia kwenye mizania mara mbili: upande mmoja kama haki ya kutumia jengo, upande wa pili kama deni la kodi zote zitakazolipwa. Shirika la ndege lililokodi ndege hufanya hivyohivyo. Ukilinganisha hesabu za 2018 na za 2019 ukaona mali zimevimba ghafla, usishangilie. Katika kampuni nyingi hakukuwa na tofali jipya wala bawa jipya. Mikataba iliyokuwa kabatini imetolewa mezani, ikaja na madeni yake. Kwa maoni yangu kanuni hii imemsaidia msomaji wa kawaida, maana madeni yale yalikuwepo siku zote.

Halafu kuna kukadiria thamani upya. IAS 16 inairuhusu kampuni kuacha gharama ya zamani na kutumia thamani ya leo iliyotolewa na mthamini, mradi iwe kwa kundi zima la mali na irudiwe mara kwa mara. Jengo lililojengwa kwa Sh40 milioni miaka ya 1990 karibu na Waiyaki Way linaweza kusomeka Sh300 milioni baada ya mthamini kupita. Ongezeko hilo kwa kawaida haliingii kwenye faida. Linakaa kwenye akiba maalum ndani ya mtaji wa wanahisa, na haligawiwi kama gawio. Kwa upande mwingine, thamani mpya inaleta uchakavu mkubwa zaidi, kwa hiyo faida za miaka inayofuata zinapungua kidogo.

Lakini ardhi au jengo likishikiliwa ili kupata kodi ya pango au kungoja bei ipande, huitwa mali za uwekezaji na hutawaliwa na IAS 40. Kampuni ikichagua kuzipima kwa thamani ya soko, ongezeko linakwenda moja kwa moja kwenye faida ya mwaka. Mfano ulio karibu ni East African Portland Cement, yenye ardhi kubwa kule Athi River. Katika miaka ya 2010 iliwahi kutangaza faida ya mabilioni iliyotokana hasa na kupanda kwa thamani ya ardhi hiyo, huku biashara yenyewe ya saruji ikiwa kwenye hasara. Hakuna kilichofichwa, yote yalikuwa kwenye hesabu. Ila aliyesoma kichwa cha habari tu alidhani saruji inauzika. Faida ya namna hiyo hailipi mishahara wala haimalizi deni la umeme mpaka ardhi iuzwe, na Sheria ya Makampuni ya 2015 inataka gawio litoke kwenye faida iliyopatikana kweli.

Mashamba ya chai nayo yana jambo lake. Tangu 2016 mchai wenyewe, ule mti unaochumwa miaka na miaka, huhesabiwa kama mtambo na hukatwa uchakavu, lakini majani mabichi yaliyo juu yake hupimwa kwa thamani ya soko. Ukinunua hisa za kampuni ya chai ya Limuru au Kericho, usizichanganye namba hizo mbili.

Mali inapopoteza nguvu ghafla

Uchakavu ni mwendo wa taratibu, na biashara huvunjika kwa siku moja. Fikiria kituo cha mafuta kilichojengwa kwenye Mombasa Road kwa hesabu ya magari yaliyokuwa yakikwama hapo kila jioni. Mwaka 2022 Nairobi Expressway ilifunguliwa, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na sehemu ya magari hayo ikahamia juu. Pampu bado ni mpya, paa halijavuja, vitabu vinasema Sh60 milioni. Ikiwa kituo kitaleta fedha kidogo kuliko kilivyokadiriwa, kiwango cha IAS 36 kinamlazimu mwenyewe ajiulize maswali mawili: nikiendelea kukiendesha kitaniletea thamani gani, na nikikiuza leo, baada ya gharama za kuuza, nitabaki na nini? Anachukua jibu kubwa zaidi. Likiwa Sh38 milioni, basi Sh22 milioni lazima zifutwe na ziingie kwenye hasara ya mwaka huo.

Wakurugenzi hawapendi kufuta. Kwa hiyo kampuni iliyopata hasara miaka minne mfululizo na haijafuta hata shilingi ya mitambo yake inahitaji maelezo. Huenda yapo mazuri. Yatafute kwenye ripoti ya mkaguzi wa hesabu, kwenye sehemu ya masuala muhimu ya ukaguzi, ambako, kwa kampuni zilizo sokoni, mkaguzi hueleza ni makadirio gani yaliyomsumbua.

Ukurasa wa kufungua

Mizania yenyewe inakupa namba moja tu. Habari iko nyuma, kwenye maelezo ya hesabu ya ripoti ya mwaka, ambayo kampuni nyingi huweka kwenye tovuti yake. Picha ya gazeti haitoshi. Karibu na mstari wa mali za kudumu kuna nambari ndogo, ifuate. Utakuta jedwali pana lenye safu za ardhi, majengo, mitambo, magari, samani na kompyuta. Sehemu ya juu ni gharama: zilizokuwepo mwanzo wa mwaka, zilizonunuliwa, zilizouzwa. Sehemu ya chini ni uchakavu uliolimbikizwa. Tofauti yao ndiyo namba ya kwenye mizania.

Gawa uchakavu uliolimbikizwa kwa gharama. Mitambo iliyogharimu Sh900 milioni na ambayo imekatwa Sh630 milioni imeliwa asilimia 70. Wamiliki wake wanakaribia bili kubwa. Kisha nenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, utafute pesa zilizotumika kununua mali mwaka huo, na uzilinganishe na uchakavu wa mwaka. Uchakavu ukiwa Sh120 milioni na ununuzi Sh25 milioni, miaka mitatu au minne mfululizo, kampuni inakula mitambo yake. Inaweza kuwa na mpango wa kupunguza shughuli, au inaweza kuwa haina pesa. Ripoti ya mwenyekiti haitakuambia kwa uwazi, ila namba hizi mbili zimekwisha kukuonyesha pa kuuliza.

Kagua pia safu ya kazi inayoendelea, yaani majengo na mitambo ambayo haijakamilika. Vitu hivi havikatwi uchakavu mpaka viwe tayari kutumika, na riba ya mkopo wa kuvijenga inaweza kuongezwa kwenye gharama yake. Mradi uliokaa kwenye safu hiyo miaka mitano, ukikua kidogo kila mwaka, ni ule ambao pengine ulipaswa kufutwa zamani. Ukurasa wa sera za uhasibu nao una viwango vya uchakavu: kampuni mbili za uchukuzi, moja ikisema lori linaishi miaka 5 na nyingine miaka 10, hazina faida zinazolinganishika mpaka uzisawazishe mwenyewe kwenye karatasi.

Mwisho wa jedwali, mara nyingi kwa herufi ndogo, kuna sentensi inayosema mali zenye thamani fulani zimewekwa dhamana benki. Hapo ndipo kauli ya yule mwanachama wa chama inapopimwa. Kampuni ikianguka, mkopeshaji mwenye dhamana anaishika mali yake. Wafanyakazi, KRA na wauzaji wanaodai nao wanasimama mbele ya wenye hisa, na mitambo iliyouzwa kwa haraka chini ya msimamizi wa ufilisi haifikii bei ya vitabuni. Zile bilioni tisa zikiwa na dhamana ya bilioni saba, na mitambo ikauzwa kwa nusu bei, mwenye hisa haachiwi kitu. Kwa vifaa vinavyohamishika, kama malori na mitambo, sheria ya 2017 ilianzisha rejista ya dhamana, kwa hiyo anayetaka kuikopesha kampuni binafsi, au kuipa bidhaa kwa mkopo, ana mahali pa kuuliza lori lile zuri limeahidiwa nani.

Mwenye hisa hata mia moja ana haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu wa mwaka, na kampuni nyingi sasa hupokea maswali kwa maandishi siku chache kabla. Chama kinaweza kuandika swali moja kwa sauti moja: mitambo yetu imekatwa asilimia ngapi ya gharama yake, kuibadilisha kwa bei ya dola ya leo kutagharimu kiasi gani, na fedha hizo zitatoka wapi? Mkurugenzi wa fedha anayeijua kampuni yake hujibu hayo bila kufungua faili.